Saba ya nini? Namba isiyo na lebo haivuki mpaka

JINJA na MBALE, Uganda

Lori limepakia mahindi mashariki mwa Uganda na linaelekea Busia. Mkononi mwa mwenye mzigo kuna karatasi ya maabara yenye mstari mmoja: "Sumukuvu: 7." Je, mzigo unavuka au unarudi?

Hakuna anayeweza kujibu, hata awe mtaalamu. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi, kinachojulikana kama EAS 2, kina mipaka miwili ya sumukuvu. Jumla ya aina zote isizidi 10 katika kila sehemu bilioni, na ile aina ya B1, iliyo kali kuliko nyingine, isizidi 5 peke yake. Kama 7 ni jumla, mahindi yako ndani ya mpaka wa jumla. Kama 7 ni B1, mahindi yameshindwa. Namba ni ileile na mahindi ni yaleyale, lakini hukumu ni mbili zinazopingana. Kilichokosekana ni neno moja la kueleza namba.

Wafanyabiashara wa mpaka huu hawahitaji kukumbushwa uzito wa jambo hilo. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti, na mojawapo likawa kwamba kila mzigo uje na cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi 10 kwa bilioni. Tangu hapo, karatasi imekuwa na uzito sawa na gunia.

Wanasayansi wana jina la maelezo ya aina hiyo: metadata, yaani habari kuhusu habari. Namba 7 ni data. "Ni ya B1", "imepimwa kwa mikrogramu kwa kilo", "sampuli ilichukuliwa tarehe fulani" ni metadata. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Ila leo daftari peke yake halitoshi. Inabidi kujua ni safu zipi za daftari zinasomwa na kila mtu kwa maana moja, na zipi ni maandishi ya mwenye duka anayeyaelewa peke yake. Kwa lugha ya wataalamu, hiyo ndiyo tofauti kati ya sifa sanifu na sifa nyingine.

Tofauti hiyo inaonekana wazi katika miji miwili ya mashariki mwa Uganda: Jinja, ambako ziwa linapimwa, na Mbale, ambako mvua ya Mlima Elgon inaamua barabara ipitike au isipitike.

Samaki mmoja, majina matatu

Tuanze na bidhaa inayojulikana na wote. Kwenye mialo ya Jinja, kama Masese, samaki wadogo wa fedha wanaoanikwa juani wanaitwa mukene. Ukivuka kwenda Kisumu wanaitwa omena. Ukishuka Mwanza ni dagaa. Mnunuzi na muuzaji hawagombani, kwa sababu wote wawili wana macho na mzigo uko mbele yao.

Kompyuta haina macho. Ukiunganisha takwimu za nchi tatu bila uangalifu, itahesabu samaki watatu. Na mambo yanaharibika zaidi ukitumia "dagaa" kama jina la wote, maana dagaa wa Kigoma ni samaki wengine kabisa wa Ziwa Tanganyika, na dagaa wa pwani ni wa baharini. Jina la sokoni linatosha sokoni. Likisafiri, linapotea njia.

Ndiyo maana orodha za viumbe zinazobadilishana data duniani hufuata utaratibu uitwao Darwin Core, uliopitishwa mwaka 2009. Utaratibu huo una safu moja ya jina la kisayansi na safu nyingine ya jina la kienyeji. Katika ile ya kwanza, mukene, omena na dagaa wa Ziwa Victoria wote wanaandikwa Rastrineobola argentea. Katika ile ya pili kila mmoja anaandika analolijua. Hakuna jina linalofutwa, ila kila jina linawekwa mahali pake. La kwanza ndilo linalounganisha takwimu, na la pili linamsaidia msomaji.

Kwa sangara hatari iko kwenye rula. Sheria ya uvuvi ziwani inataka sangara asiye chini ya sentimita 50. Lakini watafiti wa samaki wana namna zaidi ya moja ya kupima urefu. Kuna urefu mzima, kutoka mdomoni hadi ncha ya mkia. Kuna pia kile kinachoitwa kitaalamu urefu sanifu, unaoishia pale mkia unapoanzia. Samaki yuleyule hupungua sentimita kadhaa kwa kubadili rula tu. Sheria inasema urefu mzima. Basi jedwali lenye safu iliyoandikwa "urefu" bila zaidi linaweza kumfanya samaki halali aonekane haramu.

Si ajabu kwamba Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, ambalo Kenya, Tanzania na Uganda zililiunda kwa mkataba wa mwaka 1994 na ambalo makao yake yako hapa Jinja, lina miongozo ya pamoja ya namna ya kupima na kuandika. Bila miongozo hiyo, nchi tatu zingekuwa na ziwa moja na hesabu tatu.

Sifuri ya Jinja

Jinja ndipo Mto Nile unapotoka ziwani, na ndipo kilipo kipimo cha maji kinachotajwa zaidi katika ukanda huu. Kumbukumbu za usawa wa Ziwa Victoria zinaanzia mwaka 1896. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls, ambalo kituo chake cha umeme leo kinaitwa Nalubaale, lilifunguliwa, na tangu hapo maji yanayotoka yanapita mikononi mwa binadamu.

Mei 2020, baada ya mvua nyingi, kipimo cha Jinja kilionyesha mita 13.42 na kuipita rekodi ya mwaka 1964 ya mita 13.41. Mialo ilifunikwa na maji, na maghala na vibanda vya samaki vikahamishwa. Watu wengi walioisikia namba hiyo redioni walidhani ndicho kina cha ziwa. Sicho. Sehemu yenye kina kirefu zaidi inafika takriban mita 80.

Sasa 13.42 ni nini? Ni urefu wa maji kutoka kwenye sifuri ya kipimo cha Jinja. Na sifuri hiyo haiko baharini. Iko karibu mita 1,123 juu ya usawa wa bahari. Ukijumlisha, unapata kwamba uso wa ziwa ulikuwa karibu mita 1,136 juu ya bahari. Zote mbili ni kweli, na zote mbili zinapimwa kwa mita.

Kuna namba ya tatu. Tangu mwaka 1992, ilipoanza kazi satelaiti ya TOPEX/Poseidon, usawa wa maziwa unapimwa pia kutoka angani. Mara nyingi data hizo hutolewa kama tofauti na wastani wa miaka kadhaa. Maji yaleyale ya Mei 2020 yanaweza kuandikwa kama mita moja na kitu juu ya wastani. Kwa hiyo 13.42, 1,136 na "moja na kitu" zote ni Ziwa Victoria, mwezi uleule. Mtu akiziweka kwenye mchoro mmoja bila kusoma lebo, atapata ziwa linalopanda na kushuka kama wazimu.

Kwa faili za kisayansi za hali ya hewa, maji na bahari, dawa ya jambo hili imekwisha kukubaliwa. Faili nyingi za aina hiyo huhifadhiwa katika muundo uitwao netCDF na kufuata kanuni ziitwazo CF, zilizotoka mara ya kwanza mwaka 2003. Kanuni hizo zina orodha ya majina sanifu, ambayo iko wazi kwa kila mtu, na kila jina lina ufafanuzi wake na kipimo chake. Usawa wa ziwa unaosomwa kutoka kwenye sifuri ya kituo una jina lake katika orodha. Ufafanuzi wa jina hilo unaelekeza kwamba urefu wa sifuri yenyewe uandikwe pembeni, nao una jina lake sanifu. Mwenye faili kama hiyo hana haja ya kupiga simu Jinja kuuliza sifuri iko wapi.

Gharama ya kulipuuza jambo hili ilionekana Ulaya. Laufenburg ni mji uliogawanywa na mto Rhine, upande mmoja Ujerumani, upande wa pili Uswisi. Ilipojengwa daraja mpya kati yao, wahandisi walijua kwamba nchi hizo mbili zinapima urefu kutoka bahari tofauti, na kwamba tofauti ni sentimita 27. Walifanya marekebisho, lakini kwa upande usio wake: pale pa kutoa wakajumlisha. Mwaka 2003 ikagundulika kwamba pande mbili zimepishana kwa sentimita 54. Namba ya marekebisho ilikuwa sahihi. Kilichokosewa ni alama ya mbele yake.

Mvua ya Mbale ilinyesha lini?

Kutoka Jinja, barabara ya Iganga na Tirinyi inakupeleka Mbale, mji wa kahawa ya arabika ulio chini ya Mlima Elgon. Hapa swali la lebo linahusu maisha. Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 31 Julai 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilifurika baada ya mvua kubwa. Watu zaidi ya 20 walikufa, maduka yaliharibika na usafiri ukakwama.

Swali linaonekana la kitoto: mvua hiyo ilinyesha tarehe ngapi? Kwa desturi, kipimo cha mvua husomwa saa 3 asubuhi. Maji yaliyomo asubuhi ya tarehe 31 ni ya saa 24 zilizopita, yaani tangu saa 3 asubuhi ya tarehe 30. Ofisi moja inaweza kuyaandika chini ya tarehe 31, siku yalipopimwa. Nyingine itayaandika chini ya tarehe 30, siku yalipoanza kukusanywa. Nazo bidhaa nyingi za satelaiti huhesabu siku kwa saa za dunia, ambako usiku wa manane ni saa 9 usiku kwetu. Hiyo ni mipaka ya siku ya aina nyingine tena.

Sisi tunalijua tatizo hili kuliko wengine. Saa 3 ya Kiswahili ni saa 9 kwa saa ya Kizungu na ni saa 6 kwa saa ya dunia. Mtu akikuambia basi linaondoka "saa tatu", unamuuliza: ya Kiswahili au ya Kizungu? Swali hilo moja ndilo metadata yote. Kanuni za CF zinalijibu kwa kuandika wakati umehesabiwa tangu lini, na kwa kuweka mwanzo na mwisho wa kila kipindi cha kupima. Pia zina sehemu ya kusema kama namba ni jumla ya siku nzima, wastani, au kilele.

Kipimo chenyewe nacho kina mtego. Mtu wa Mbale anazijua milimita. Lakini programu za utabiri hutoa mvua kwa kilo za maji katika kila mita ya mraba kwa kila sekunde. Ukifungua faili ukaona 0.0005, unaweza kudhani hakuna mvua. Kilo moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni milimita moja, na siku ina sekunde 86,400. Zidisha, unapata milimita 43.2 kwa siku. Kwenye miteremko ya Elgon, hiyo si mvua ya kupuuza.

Halafu kuna siku ambazo hakuna aliyesoma kipimo. Katika faili nyingi siku hiyo huandikwa -9999, namba ambayo haiwezi kuwa mvua, na lebo sanifu inaiambia kompyuta iiruke. Lebo isipokuwepo, kompyuta inaijumlisha. Siku tisa zenye milimita 8 kila moja na siku moja ya -9999 zinatoa wastani wa -992.7. Hilo angalau linachekesha na kugunduliwa. La hatari ni pale mtu anapoweka 0 badala yake. Sifuri inasema mvua haikunyesha. Ukimya unasema hatujui. Mkulima mwenye bima ya mazao inayolipa kwa kuangalia rekodi ya mvua, na mfanyabiashara aliyemkopesha akitegemea bima hiyo, wanaweza kupoteza msimu mzima kati ya maana hizo mbili.

Lebo za aina tatu

Mtu atajuaje lebo ipi ni sanifu? Katika faili ya CF, mahali pa kwanza pa kuangalia ni juu kabisa, ambapo faili yenyewe hutaja kanuni inayofuata na toleo lake. Baada ya hapo, lebo zinajigawa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni lebo ambazo jina lake limekubaliwa na yaliyomo pia yamekubaliwa. Jina sanifu, linaloandikwa standard_name, lazima litoke kwenye orodha. Kipimo, units, lazima kiwe kile kinachoweza kubadilishwa kwenda kipimo cha orodha: milimita zinakubalika pale palipotajwa mita, nyuzi za Selsiasi pale palipotajwa Kelvin. Hizi ndizo lebo ambazo kompyuta ya Arusha na ya Kampala zinaweza kuzisoma bila kuulizana.

Fungu la pili ni lebo ambazo jina lake limekubaliwa lakini yaliyomo ni huru. Jina refu la maelezo, kichwa cha faili, historia ya faili, taasisi iliyoitengeneza na maoni viko hapa. Wengi hukosea hapa. Wanaona lebo ipo kwenye kanuni na kuamini kwamba maneno yaliyomo nayo yamehakikiwa. Sivyo. Mtu anaweza kuandika "mvua nzuri ya Mbale" kwenye jina refu na asivunje kanuni yoyote.

Fungu la tatu ni lebo alizozibuni mwenye faili: namba ya kituo chake, jina la aliyesoma kipimo, alama ya mradi. Kanuni za CF haziziharamishi. Zinasema wazi kwamba kuwepo kwake si kosa, ila programu ikutanapo na lebo isiyoijua iipuuze.

Neno hilo, "iipuuze", ndilo la kushika. Maana yake ni kwamba jambo muhimu likiandikwa kwenye lebo ya kubuni tu, mashine itapita juu yake kimya kimya. Ikiwa kipimo cha mvua kilihamishwa kutoka bondeni kwenda mlimani na habari hiyo ikakaa kwenye lebo ya nyumbani peke yake, atakayechora mchoro ataona mvua imeongezeka ghafla na kudhani ni mabadiliko ya tabianchi.

Kosa la upande wa pili ni kuvalisha lebo ya nyumbani nguo za lebo sanifu. Mtu anaandika "mvua" pale penye jina sanifu, wakati neno hilo haliko kwenye orodha. Kwa macho faili inaonekana kamili. Programu ya ukaguzi italikataa, na programu isiyokagua italipitisha na kosa lake. Lebo kuwa mahali sahihi haitoshi, inabidi yaliyomo yalingane na orodha.

Kurudi mpakani

Cheti cha mahindi kinafuata mantiki hiyohiyo. Kuna mistari ambayo ofisa wa Busia au Malaba analazimika kuisoma, kwa sababu kiwango cha Afrika Mashariki kinaitaja: unyevu usiozidi asilimia 13.5, sumukuvu ya jumla, sumukuvu ya B1. Kuna mistari ya kujazwa kwa uhuru, kama maelezo ya mzigo. Na kuna maandishi ya kalamu pembeni: "mahindi safi, yamekaushwa vizuri." Maandishi hayo yanaweza kuwa ya kweli kabisa, lakini hayamfungi ofisa yeyote.

Kwa hiyo, kabla hujalipia upimaji au hujapokea karatasi, iulize kila namba maswali manne. Ni ya kitu gani hasa, kwa jina lililo kwenye kiwango na si jina la sokoni? Imepimwa kwa kipimo gani? Imehesabiwa kutoka wapi, yaani sifuri yake iko wapi au sampuli ilitoka kwenye magunia yapi? Na ni ya wakati gani, kuanzia lini hadi lini? Majibu yakiwa kwenye mistari rasmi ya cheti, una kitu cha kuvukia. Yakiwa kwenye kalamu ya pembeni, omba yahamishwe kabla lori halijaondoka.

Na unapouza, usiyafute maandishi ya nyumbani. Jina la mukene lina kazi yake Masese, na alama ya gunia inamsaidia mteja wako wa siku zote. Yaache yakae, ila yasibebe jambo ambalo mtu wa upande wa pili lazima alijue.

Ofisa wa mpakani anapouliza "saba ya nini?", hamsumbui mtu. Anauliza swali ambalo maabara ilipaswa kulijibu kabla karatasi haijatoka, na ambalo mwenye mzigo anaweza kulitatua kwa kudai neno moja liongezwe: jumla, au B1.